Ngazi Isiyo na Mwenyewe

S.L.P. 61, Bariadi
12 Julai 1997

Ndugu yangu Paschal Mashimba,

Mwangaluka, wewe uliyeacha bisibisi ukashika jembe. Natumaini pamba imekubali mwaka huu huko Ngulyati, na kwamba hao wanunuzi binafsi hawajakuvua shati kwenye mizani. Mimi niliyekuwa karani wa mizani miaka kumi na tisa nakuambia: simama upande wa jiwe, usisimame upande wa gunia.

Sasa sikiliza. Nyumba yetu inauma. Ukipanda ngazi umeshika lile bomba la chuma la kushikia, mkono unatekenywa kama siafu wanatembea ndani ya ngozi. Siku za jua ni kidogo. Siku Elina wangu alipodeki ngazi aliruka akamwaga ndoo nzima. Taa ya ngazi ilikufa tangu Pasaka, na ndani ya kabati la meni swichi mnanguruma kama mna nyuki.

Tuko walewale wanne: mimi na Elina chini namba moja, Felisita nesi namba mbili, Maganga muuza nyama juu namba tatu, na dada yako Monika na cherehani yake namba nne, fleti iliyokuwa yako. Kinu cha pamba kilipokufa na mfilisi akatuuzia nyumba, wote tulishangilia. Hakuna aliyesoma hati. Mimi nimeisoma. Inasema fleti namba moja hadi nne zimeuzwa kwa wakazi wake. Ngazi haikutajwa. Paa halikutajwa. Kabati la swichi chini ya ngazi halikutajwa. Ndugu yangu, tumeuziwa fleti nne zinazoning'inia hewani! Hilo ndilo soko huria lao: kila chenye faida kina mwenyewe, na kila chenye mzigo ni yatima.

Nimemwandikia mfilisi Shinyanga. Hoja yangu ni moja, na haina mlango wa kutokea: kama hamkutuuzia ngazi, basi ngazi ni yenu, na kama ni yenu, tengenezeni. Felisita alimleta fundi mmoja wa sokoni, Thomasi, nikamrudisha. Siku tutakapotia mkono wetu mle, tumekiri kuwa ni mali yetu, na mfilisi ataosha mikono. Nimefunga kabati kwa kufuli. Lile kabati sasa ni ushahidi.

Ninachotaka kwako ni kitu kidogo. Wewe ndiye uliyetandika nyaya zote za nyumba ile. Niandikie maelezo, ukurasa mmoja tu, useme hali ya nyaya ilikuwaje siku ulipopunguzwa kazini mwaka 1995. Tuonyeshe kwamba kinu kiliacha nyumba bila matunzo. Utie saini.

Ndugu yako katika mapambano,
Limbu Mayige


Ngulyati
3 Agosti 1997

Kaka Limbu,

Barua yako nimeipata kwa mkono wa kondakta. Wabeja. Hapa tu wazima. Pamba ilikuwa nyingi na bei ikawa mbaya. Wanunuzi watatu walikuja na mizani tatu, kila moja ina uzito wake. Nilisimama upande wa jiwe kama ulivyosema, wakasogeza jiwe.

Habari ya maelezo, kaka, naomba unisamehe. Mimi sasa ni mtu wa plau na ng'ombe. Mambo ya siku niliyoondoka yamenitoka kichwani. Karatasi yenye saini yangu ikienda kwa mfilisi, anaweza kuanza kuuliza maswali mengine, kwa mfano Monika aliipataje fleti yangu wakati mimi nilikuwa nimeshaondoka. Wewe ndiye uliyempigania akaandikwa mkazi. Tusiamshe hayo.

Ninachosema mimi ni kwamba mwache Thomasi atengeneze. Namfahamu, ana mkono mzuri. Mwambie aanze na waya wa ethi, ule unaoupeleka ardhini umeme uliopotea njia. Asianze na kitu kingine. Ethi ikiwa sawa, siku waya ukigusa chuma fyuzi inakatika na hakuna anayeumia. Ni kazi ya asubuhi moja.

Na tafadhali mwambie Monika asianike nguo kwenye lile bomba la ngazi, hasa mvua zikianza. Namjua, hapendi kwenda hadi kwenye kamba. Mwambie mimi nimesema.

Wako,
Paschal Mashimba


S.L.P. 61, Bariadi
20 Septemba 1997

Paschal,

Nimekusoma mara mbili nikidhani nimekosa ukurasa. Huyu ndiye Paschal aliyesimama mbele ya meneja wa kinu mwaka 1991 akasema hatapanda nguzo bila glavu? Leo unaogopa karatasi! Wametupunguza kazini, wametunyima kiinua mgongo, wametuuzia vyumba bila ngazi, na sasa wamekupunguza hata ulimi.

Mfilisi amejibu. Mistari mitatu! Anasema ngazi "ilifuata fleti". Nimemuuliza ilifuata fleti ipi. Namba moja? Mimi siipandi. Namba nne? Basi Monika ana ngazi nzima na sisi wengine tumpe nauli. Na watu wa umeme nao wanasema kazi yao inaishia kwenye mita. Kila mtu ana mahali kazi yake inapoishia, na pote panaishia kabla ya ngazi yetu. Nimeyaandika haya yote gazetini, wameyatoa ukurasa wa barua za wasomaji, na mhariri hakukata hata neno. Mwalimu mmoja wa Maswa ameniandikia kwamba nyumba yao nayo ni hivyohivyo. Umeona? Hii si ngazi ya Bariadi tena. Ni nchi nzima inayopanda ngazi isiyo na mwenyewe.

Ujumbe wako kuhusu nguo sijaufikisha, na nitakuambia kwa nini, maana mimi sifichi. Nikisema bomba lile ni la hatari, wanawake hawa watalivunja kufuli langu kabla ya jua kuzama, na kesi itakufa. Tayari Felisita ameniambia mbele ya watu, "Kwa hiyo tusubiri mpaka ngazi ipate baba?" Nikamwambia ndiyo, na baba yuko Shinyanga. Kutekenywa hakujaua mtu. Tukivumilia miezi michache, tutapata haki ambayo wajukuu wetu watapanda juu yake.

Fikiria upya habari ya maelezo. Sihitaji ujasiri wako wote, nahitaji ukurasa mmoja.

Limbu Mayige


Bariadi
26 Oktoba 1997

Kaka Paschal,

Mwadila. Mimi mzima, shida ni mvua. Imeanza kama mtu aliyekasirika na haijapumzika. Paa linavuja hadi kwenye ngazi na ngazi inatiririka kama mto Simiyu. Kazi ninayo nyingi, Mungu asifiwe. Nimepata sare za shule, sketi sitini, zinatakiwa kabla ya Januari.

Umesikia vituko vya mzee Limbu? Wiki iliyopita tulimwita tena Thomasi, mimi na Felisita, bila kumwambia mzee. Kumbe mzee ana masikio ukutani. Alitoka na kanzu ya kulalia, akasimama mbele ya kabati mikono ameitandaza kama anazuia ng'ombe. "Ukitia bisibisi hapa umetia saini!" Thomasi akamjibu, "Mzee, mimi saini sijui, najua fyuzi." Hata Elina alicheka. Mzee akatusomea hati ya mauzo nusu saa, tumesimama kwenye maji. Maganga akasema, "Mzee, mimi nauza nyama, na nyama haisubiri hotuba," akaondoka, na fundi akaondoka.

Lile kufuli ningelivunja kwa mchi wa Felisita. Lakini nitamvunjiaje heshima? Walipotaka kunitoa fleti hii kwa kuwa jina langu halikuwa kwenye orodha, ni yeye aliyekwenda Shinyanga kwa nauli yake akarudi na karatasi. Mtu aliyekupigania hivyo unamwambiaje kwamba safari hii amekosea?

Kwa hiyo nakuomba wewe. Njoo siku moja tu. Wewe ndiye uliyeziweka hizo nyaya, kwako hawezi kusema ni saini. Akikuona atafungua mwenyewe, maana anakuheshimu ingawa anakutukana. Njoo na bisibisi yako, nitapika wali na njegere.

Dada yako,
Monika


Ngulyati
24 Novemba 1997

Dada yangu Monika,

Barua hii nimeianza mara tatu. Ya kwanza niliichana, ya pili ililowa.

Nitakuja. Siwezi wiki hii, mto umekata barabara na basi haliji hadi maji yashuke. Maji yakishuka nitakuja hata kwa miguu. Nitakuja na kitu ambacho kilitakiwa kuwa hapo nyumbani kwenu, na nitakueleza kwa mdomo, maana kwa kalamu nashindwa.

Lakini kabla sijafika, nakuomba kama kaka yako, kwa jina la mama: USISHIKE bomba la ngazi. Usianike kitu pale. Panda katikati, mkono mfukoni. Waambie na Felisita na Elina. Likianza kuuma kuliko kawaida, vunjeni kufuli, zimeni meni swichi, mkae na koroboi. Mzee akigomba, mwambie ni amri yangu, nami nitajibu.

Nimempa kijana wa posta ya Bariadi anayerudi mjini kwa baiskeli kwa njia ndefu ya kuzunguka. Atatia kwenye sanduku lenu.

Kaka yako,
Paschal


S.L.P. 61, Bariadi
9 Desemba 1997

Paschal,

Monika yu hai. Naanza na hilo ili usome yanayofuata umekaa.

Jumanne ya tarehe mbili, saa nne asubuhi, nilikwenda posta kutuma barua ya rejesta kwa mfilisi, ya nane. Mvua ilikuwa kubwa, nikavaa koti langu refu. Sanduku letu, 61, unajua tunalitumia wote wanne, na ufunguo wake hukaa kwangu. Nililifungua. Mlikuwa na barua moja, mwandiko wako, imeandikwa jina la Monika. Nikaitia mfukoni nimpelekee. Njiani nikasimama kwa muuza magazeti nione kama barua yangu mpya imetoka. Ilikuwa imetoka. Niliisoma yote, Paschal, nikiwa nimesimama chini ya bati lake. Kisha nikairudia.

Monika alikuwa anaanika vitambaa vya sare kwenye bomba la ngazi, kwa kuwa kule nje mvua haikuachia. Vilikuwa vimelowa. Bomba likamshika. Felisita alikuwa ndani, anasema hakusikia kelele, alisikia ngazi nzima inatetemeka. Alipotoka alimwona Monika amesimama ameng'ang'ania chuma, macho wazi, hawezi kuachia na hawezi kusema. Akapiga mbio kwenye kabati. Kufuli. Elina akamletea shoka, wakapiga, lile kufuli nililichagua mwenyewe, nilimwambia muuzaji anipe ambalo halivunjiki. Ufunguo ulikuwa kwenye koti langu.

Felisita akachukua mchi. Mchi mkavu, alijua, nesi yule ana akili. Alimpiga Monika mkono mpaka ukaachia. Alimpiga mara nne. Monika akaanguka ngazi saba.

Nilifika wakati wanamtoa kwa baiskeli ya nyama ya Maganga, amefunikwa zile sare. Kiganja cha kulia kimeungua hadi ndani, na mfupa wa mkono umevunjika mahali pawili. Daktari amefunga plasta. Anasema mfupa utaunga. Vidole hataki kuvisemea.

Jioni nilipolivua koti nilikuta mfukoni vitu viwili pamoja, ufunguo wa kabati na barua yako. Nimeifungua. Sikuwa na haki, lakini haki nimeshazitumia zote. Nimesoma maneno uliyoandika kwa herufi kubwa.

Umeandika kwamba unakuja na kitu kilichotakiwa kuwa hapa. Sijakielewa. Nieleze.

Limbu


Ngulyati
21 Desemba 1997

Kaka Limbu,

Nilifika hospitali tarehe kumi na tano. Monika alikuwa amelala, dawa zilikuwa zimemchukua. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda mpaka muda wa kutazama wagonjwa ukaisha, kisha nikaondoka kabla hajaamka. Kwako sikupita. Nilitembea nikaikwepa barabara yenu yote. Sasa nakueleza.

Mwaka 1989 stoo ya kinu haikuwa na shaba hata kipande, na nyumba yetu haikuwa na ethi. Niliomba, wakasema mwakani. Nilikwenda Mwanza kwa likizo yangu nikanunua mwenyewe fimbo ya shaba na waya wake mnene, nikaizika nyuma ya nyumba, karibu na bomba la maji, nikaifunga kwenye swichi. Kila mwaka niliwakumbusha wanirudishie fedha yangu, kila mwaka wakasema mwakani.

Siku ya mwisho ya kazi, 1995, unaikumbuka. Kila mtu alitoka na kitu. Mmoja alibeba viti vya ofisi, mwingine alibeba kengele ya zamu, sijui alikwenda kuwagongea zamu mbuzi gani. Hizo zilikuwa mali za kinu. Mimi sikuchukua kitu cha kinu. Nilirudi nyumbani, nikachimba changu. Fimbo na waya wote. Nilisema, kilicho changu nakwenda nacho, wakiona swichi haina ethi wataleta fundi mwingine na shaba yao.

Hawakuleta mtu. Monika akahamia humo, nikajiambia nitairudisha mwezi ujao. Ukaja mwezi, ukaja mwaka, fimbo ikalala ghalani na waya nikafungia nira ya ng'ombe, maana kamba za ngozi zilikuwa zinakatika. Misimu miwili ng'ombe wangu wamelima na ethi yenu shingoni.

Ulipoandika Julai kwamba bomba linatekenya, nilijua kabla sijafika mstari wa tatu. Ulinitaka niandike hali ya nyaya siku niliyoondoka. Kaka, hilo ndilo jambo pekee duniani nisiloweza kuandika. Ningekuwa mwizi mbele ya mfilisi, na Monika angepoteza fleti. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Ukweli ni kwamba niliona haya kwako.

Kinachoniua ni hiki: kila nikijihukumu naona nilikuwa na haki. Ile shaba ilikuwa yangu. Hata leo ni yangu.

Nimeufungua waya kwenye nira. Nimempa kondakta, pamoja na fimbo, muulize kwenye basi la Ngulyati. Nimetenga ng'ombe wawili kwa ajili ya Monika, wale wa plau. Mimi uso wa kuja sina.

Paschal


S.L.P. 61, Bariadi
18 Januari 1998

Paschal,

Nilikuandikia kurasa sita Krismasi. Nilikuita majina ambayo gazeti lisingeyachapa. Nilisema nitakupeleka polisi, nitakupeleka kwa padri, nitakupeleka kwa mfilisi mwenyewe na kidhibiti cha shaba mkononi. Kalamu ilikuwa inakimbia kama zamani, hoja juu ya hoja, na nilikuwa nafurahia, Mungu anisamehe. Elina akapita nyuma yangu, akasimama. Akasema, "Baba Milembe, unashinda tena?" Basi. Akaenda jikoni. Nikazichana zote sita.

Wewe uliogopa, na mwoga anaweza kusamehewa. Mimi sikuogopa kitu. Mimi niliambiwa. Uliniandikia Agosti, asianike pale, nikakujibu kwa mwandiko wangu kwamba sitamwambia kwa sababu ataharibu kesi. Barua hiyo ipo kwako. Itunze. Ukitaka kujua mtu aliyeunguza mkono wa dada yako anafananaje, isome. Kwa hiyo usije ukanipokonya kosa hili. Ethi ungeitoa mara mia, kama kabati lingekuwa wazi Felisita angeizima swichi kwa kidole kimoja.

Shaba ilifika. Waya una alama za nira, umepinda mahali pawili, una manyoya ya ng'ombe. Thomasi hakuuliza umetoka wapi. Nilifungua kufuli mwenyewe, nikachimba shimo mwenyewe, palepale karibu na bomba la maji. Udongo ulikuwa laini kwa mvua, na shimo lako la zamani lilikuwa bado linaonekana, limebonyea kidogo. Miaka mitatu nimepita pale nikienda chooni na sikuwahi kujiuliza ni shimo la nini. Thomasi akakuta waya mmoja umechubuka ukigusa bomba chini ya ngazi ya tano. Akaubadilisha, akafunga ethi, akaweka balbu.

Nilitazama saa. Kazi yote ilichukua saa moja na dakika arobaini.

Alipomaliza nilivua viatu, nikamwaga maji kwenye ngazi, nikalishika bomba kwa mikono miwili. Chuma baridi tu. Nilibaki nimelishika mpaka Maganga akasema, "Mzee, watu wanataka kupita."

Mfilisi amejibu ile ya nane. Amekubali! Anasema ofisi yake itaangalia uwezekano wa kugharimia ngazi. Barua nzuri, ina mhuri. Nimeshinda, Paschal. Nimeiweka ndani ya kabati la swichi na nimeacha mlango wazi.

Monika hayupo. Alitoka hospitali tarehe nane, akaja na Nyamizi, bintiye anayekaa Binza, wakachukua godoro na vyombo. Cherehani ameiacha. Vidole vitatu havikunjuki. Nilijaribu kusema naye, akaniambia, "Shikamoo, mzee," kwa adabu ileile ya siku zote, akaendelea kukusanya vyombo. Habari ya shaba sikumwambia. Hiyo ni barua yako kuiandika. Yangu nimeshamwandikia, na nimemwambia mwenye kosa ni mimi peke yangu. Nawe usimwandikie tofauti.

Limbu Mayige


Binza, Maswa
15 Februari 1998

Kaka Paschal na Mzee Limbu,

Barua hii ni moja kwenu wawili, maana naandika kwa mkono wa kushoto na siwezi kuandika mbili. Tangu Jumatatu ninaiandika. Mzee, ukishasoma mpe kondakta aipeleke Ngulyati.

Nimepata barua zenu zote. Mzee anasema mwenye kosa ni yeye peke yake. Kaka anasema hapana, ni yeye peke yake, mzee asijibebeshe. Mzee ameleta nyingine kumjibu kaka kupitia kwangu. Nyamizi alinisomea zote hadi sauti ikakauka, akaniuliza, "Mama, hawa wanagombania nini?" Nikamwambia wanagombania kosa. Kila mmoja analivuta kwake. Ngazi ilipokuwa inauma, hakuna aliyesema ni yangu. Sasa mkono umeshaungua, kila mtu ni wangu, ni wangu.

Mzee, sikuchukii. Ulinipa fleti ile na sijasahau. Lakini siku ya kufuli nilitaka kukuambia umekosea, nikanyamaza kwa heshima. Hilo nalo liandikeni mahali, kwamba nilinyamaza. Sketi kumi na saba ziko kwenye kikapu chini ya cherehani, zimeshakatwa, hazijashonwa. Watoto walifungua shule na nguo za nyumbani. Mpelekee fundi cherehani wa stendi azishone, fedha achukue yeye. Na Felisita mwambie aache kulia kila akiona mchi. Asingenipiga ningekufa.

Kaka, usiuze ng'ombe wala usiniletee. Ng'ombe wataishi wapi hapa, kwenye uchochoro? Walime. Shaba nimeelewa. Ungeniambia mwaka ule, ningekucheka, kisha ningekupikia, kisha tungeizika pamoja jioni moja ikaisha.

Nguo zangu nyingi zina vifungo mbele. Nilizishona mwenyewe, nilipenda vifungo vingi. Nyamizi anatoka alfajiri kwenda kuuza chai, mimi nikiwa bado nimelala, kwa hiyo hunifunga tangu jioni, na nikitaka kubadilisha gauni mchana nasubiri mpaka arudi.

Umeniandikia kurasa nne kuhusu mkono wangu, na hujauona. Hospitali ulinikuta nimelala ukaondoka. Basi la asubuhi linafika hapa saa tano. Njoo, kaka. Nitakuwa mlangoni, nimevaa gauni la jana.

Monika